Hivi kuimba kunamsaidia nini mwanamke aliyetoka kwenye vipigo?

#1 Jiwe la Bismarck
Wakuu, mwangaluka.

Nina dada yangu, mkubwa kwangu. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya Busisi, miaka tisa. Mwezi wa pili alikuja kwangu Buhongwa na watoto wawili, begi moja, taya limevimba. Dawati la Jinsia la polisi tumekwenda, PF3 ile fomu ya polisi ya matibabu tumechukua, kesi ina mwendo wake na hayo siyaleti hapa.

Nilicholeta ni hiki. Kuna kina mama wanakutana kila Jumamosi saa nane mchana, ukumbi mmoja maeneo ya Kirumba, wanaimba. Si kwaya ya kanisa. Hakuna sare wala tamasha. Wanaimba saa mbili, wanakunywa chai, wanatawanyika. Wengi wametoka kwenye ndoa za kipigo, na wengine bado wamo humo humo. Dada alipelekwa na jirani, juzi ilikuwa Jumamosi ya tano. Nauli natoa mimi.

Siku ya kwanza nilicheka. Nikamwambia, dada wewe unahitaji cherehani, wao wanakupa do-re-mi? Hakunijibu.

Lakini kuna kitu nimekiona. Tangu aje kwangu dada alikuwa anafunika sufuria kama anayemfunika mtoto aliyelala. Mtu akipiga hodi, kwanza anashika ukingo wa meza. Sasa juzi kifuniko kimemponyoka, kikazunguka sakafuni na kelele zake zote zile, yeye mikono iko kwenye maji ya vyombo na wimbo anaendelea nao. Nilisimama mlangoni kama mjinga.

Wanaojua waniambie: ni kuimba, au ni muda tu umepita? Maana miezi mitatu bila kuguswa nayo ni dawa.

#2 Sangara Mkavu
Naweka kambi hapa. Ila swali la uchokozi: kina mama wanaoanika dagaa Mwaloni wanaimba kutwa nzima, mbona na wao wanapigwa?

#3 Besi Nzito
Mkuu, nimefundisha kwaya miaka kumi na moja, acha nikujibu kwa upande wa mwili.

Mtu mwenye hofu anapumulia mabegani. Mwangalie dada yako akisikia pikipiki imesimama nje, mabega yanapanda. Ukipumulia hivyo huwezi kufika mwisho wa mstari mrefu, utakatikia njiani. Kwa hiyo mwalimu anakulazimisha uishushe pumzi tumboni, halafu uitoe kidogo kidogo kama mtu anayekamua chupa ya asali. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo yanatulia. Hapo hujamwambia mtu "tulia", umempa tu kazi ya kumaliza mstari.

Kuna watafiti wa Gothenburg, Sweden, mwaka 2013 walipima mioyo ya watu wanaoimba pamoja. Wimbo ukiwa wa polepole na wote wanavuta pumzi mahali pamoja, mapigo yanapanda na kushuka kwa pamoja. Huo si ushirikina, wamepima.

#4 Kijana wa Igoma
Kwa hiyo hata kupuliza jiko la mkaa ni tiba 😂

#5 Besi Nzito
#4 umecheka, lakini umekaribia. Tofauti ni kwamba jiko halikuitikii.

#6 Mkunga Mstaafu
Wanangu, mimi nimezalisha wanawake kwenye kanda hii tangu enzi ambazo wengi wenu hamjazaliwa. Haya ya kukutana na kuimba si mageni.

Bibi yangu alikuwa Ukerewe. Tulisaga kwa jiwe, alfajiri, jua halijachomoza. Mwanamke akiwa kwenye jiwe hakuna anayemwambia nyamaza, kwa sababu akinyamaza unga haupo. Basi pale ndipo palikuwa na mahakama yake. Ataimba jana alichofanyiwa, hataji jina, ataimba habari za fisi aliyeingia zizini na fimbo. Mama mkwe yuko ndani amelala, anasikia. Mume anasikia. Nyumba ya tatu wanasikia. Asubuhi kila mtu anajua na hakuna aliyeambiwa. Na mwanaume akijaribu kumuuliza "uliniimba?", anajibiwa "mimi nilikuwa nasaga".

Nilimwona bibi mmoja jirani yetu, mwanawe aliimbwa wiki nzima mpaka bibi mwenyewe akamwita kijana na kumkanya.

Ikaja mashine ya kusaga. Hakuna aliyelia, mikono ilipumzika. Lakini ile alfajiri ikaondoka na hatukuweka kitu mahali pake. Hawa kina mama wa Kirumba wamejitafutia jiwe lingine.

#7 Wa Nansio
Shikamoo mama. Umenikumbusha mbali. Marekebisho madogo tu, muhogo ulikuwa unatwangwa kwenye kinu, jiwe lilikuwa la ulezi. Na wenzetu wa Ukara ni uwele.

#8 Mkunga Mstaafu
Marahaba mwanangu. Ni kweli, sikusema muhogo, lakini nimefurahi kuna anayekumbuka.

#9 *(Bandiko limeondolewa na msimamizi. Utani wa kumpiga mtu hatuuweki hapa.)*

#10 Dada Kikoba
Samahani, mimi nitakuwa mchawi wa uzi huu. Mwanamke anarudi kwa mpigaji kwa sababu ya kodi ya chumba na ada ya mtoto. Nimekaa kwenye kikoba miaka sita, nimeona wanawake watatu wakiondoka na watatu wakirudi, na hakuna aliyerudi kwa kukosa wimbo. Mleta mada alikuwa sahihi siku ya kwanza. Cherehani. Au mtaji wa mama lishe. Hizo saa mbili za Jumamosi angekuwa ameuza maandazi ya elfu kumi.

#11 Takwimu za Pasiansi
#10 dada yangu, ungekuwa sahihi mia kwa mia kama isingekuwa utafiti uliofanyika hapa hapa Mwanza. Unaitwa MAISHA. Wanawake 1,049 kutoka vikundi 66 vya mikopo. Yaani hao wote tayari wana mtaji, wana biashara, wana marejesho kila wiki. Kabla ya kuanza waliulizwa. Kati ya waliokuwa na wenza, asilimia 61 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza. 61! Pesa ilikuwepo na ngumi ilikuwepo.

Halafu nusu ya vikundi vikapewa vipindi 10 vya kukaa na kuzungumza kuhusu mahusiano, nguvu na ukatili. Vingine vikasubiri. Matokeo yakachapwa 2019: zaidi ya miaka miwili baadaye, waliosema wamefanyiwa ukatili ndani ya miezi 12 ni asilimia 23 kwa waliopata vipindi na 27 kwa wasiopata.

Angalia sasa, hapo hawakuimba. Walizungumza. Kwa hiyo simpi ushindi Besi Nzito pia. Ninachosema ni kwamba kukaa pamoja mara kumi kulifanya kitu ambacho mkopo peke yake haukukifanya.

#12 Dada Kikoba
Kutoka 27 hadi 23. Katika mia, wanne tu wameokoka, ndugu.

#13 Takwimu za Pasiansi
Wanne katika kila mia. Waulize hao wanne kama ni "tu".

#14 Chai ya Rangi
Nilikuwa nasoma kimya kimya. Nimefungua jina jipya ili niandike hili.

Mume wangu aliniruhusu sehemu mbili: sokoni na kwaya. Sokoni alihesabu dakika. Kwaya hakuhesabu, kwa sababu ni kanisani na yeye alipenda kuonekana ana mke wa kwaya. Miaka mitatu nilikuwa sauti ya pili. Sitaki kuwadanganya kwamba nilipona kwa pumzi ya tumboni. Kilichonisaidia ni kwamba Jumatano na Jumapili kulikuwa na watu ishirini ambao nisipokuja wanauliza, "sauti ya pili mbona imepungua?" Nyumbani nilikuwa naitwa "wewe". Kule pengo langu lilisikika.

Siku niliyoondoka nililala kwa mwanakwaya. Begi langu lilikuwa kwake wiki mbili kabla, limefichwa na mavazi ya kwaya. Hakuna aliyeshangaa kuniona nimebeba mfuko wa mavazi ya kwaya.

Kwa hiyo mleta mada, nauli endelea kutoa.

#15 Jiwe la Bismarck
#14 dada, pole na ahsante. Nitaendelea.

Na umenikumbusha jambo. Dada yangu alivuka kwa daraja, saa nne usiku, ndani ya hiace. Ingekuwa enzi za kivuko cha Kigongo angekaa foleni pale na nusu ya kijiji inamwona.

#16 Kijana wa Igoma
Mimi nauliza tu, wanaume tunaopigwa tunaimbia wapi? Na halafu nilisikia sheria ya ndoa inamruhusu mume kumrudi mke kidogo, isipite kiasi. Wanasheria mpo?

#17 Wakili wa Kijiweni
Umesikia vibaya, na aliyekwambia alisikia vibaya pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66: hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vingine. Imeandikwa "mwenzi", kwa hiyo na wewe umo, usiwe na wasiwasi. Sheria ina zaidi ya miaka hamsini na bado watu wanabishania "kidogo".

#18 Kijana wa Igoma
Nimekubali kusahihishwa. Bado sijajua ninapoimbia.

#19 Sangara Mkavu
Bafuni.

#20 Nesi wa Zamu
Wakuu, kabla hamjampeleka kila mtu akaimbe, sikilizeni upande huu.

Wanawake wengi wanaopigwa wamewahi kukabwa koo. Hawasemi, kwa sababu koo halina alama kubwa kama jicho. Aliyekabwa anaweza kuwa na sauti ya kukwaruza, akameza kwa shida, akakohoa, na madhara yanaweza kujitokeza baada ya siku kadhaa. Huyo anahitaji daktari kwanza. Msimpe soprano. Na hata koo likipona, kuna anayefungua mdomo kwa sauti kubwa na mkono ule unamrudia shingoni. Nimemwona mmoja akitoka nje anatapika, mwalimu akadhani amekula vibaya.

Nimewahi kusaidia kikundi cha namna hii. Tulichojifunza kwa makosa: usiwaambie wafumbe macho. Usipite nyuma ya mtu. Viti viwe duara lakini mlango uonekane na usifungwe kwa ufunguo. Asiyetaka kuimba agune tu mdomo ukiwa umefungwa, au apige makofi, au akae anywe chai. Na mwalimu akitaka kurekebisha pumzi ya mtu asimguse tumbo, aonyeshe kwenye tumbo lake mwenyewe. Besi Nzito unanielewa.

#21 Besi Nzito
Nimekuelewa sana. Miaka yote hiyo nimekuwa nikigusa watu mbavu, "jaza hapa". Hakuna aliyenikataza, nikadhani ni sawa.

#22 Mwana Kayenze
Nirudi kwa #2 nimsahihishe. Mwaloni ni soko. Dagaa wanafika pale wameshakauka, wako kwenye magunia. Kuanika ni huku kwetu Kayenze, Igombe na visiwani, kwenye mchanga, kwenye nyavu na vichanja.

Na kuimba kwetu wakati wa kuanika ni kwa ajili ya kazi, mikono iende pamoja. Mwanamke anaimba huku anawaza mvua isije. Hiyo haimtibu mtu, inaokoa dagaa tu. Mkunga amesema kuhusu jiwe, sawa, lakini jiwe lile mtu yuko peke yake na lake moyoni. Mwalo wa dagaa una bosi.

Tena kuna kina mama wa huku wanaokwenda huko Kirumba. Nawajua wawili. Wanakwenda mbalamwezi tu. Wakati wa giza mitumbwi inaingia ziwani na taa, dagaa wanafuata mwanga, alfajiri mzigo unashuka na kila mkono unahitajika. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, wavuvi wanapumzika, na sisi tunapumzika. Anayepanga ratiba ya warsha kwa kalenda ya ukutani hatatupata.

#23 Jiwe la Bismarck
#22 kumbe! Dada alirudi Jumamosi ya tatu amenyong'onyea, anasema leo tulikuwa nusu, wenzetu wamezuiwa na waume zao. Tulikaa tukawasikitikia usiku mzima. Walikuwa wanaanika dagaa.

#24 Mwana Kayenze
😂 Wengine walikuwa wanaanika, wengine walizuiwa. Yote yapo.

#25 Shangazi wa Sherehe
Mimi niseme lisilosemwa. Nyimbo ndizo zilizotuharibu.

Nimekuwa naendesha kitchen party jiji hili miaka mingi. Bibi harusi anakaa kwenye mkeka, kanga kichwani, sisi mashangazi tunamzunguka na kumwimbia: vumilia, ya ndani usitoe nje, mume ni mtoto mkubwa, akifoka wewe meza maji. Nimeimba hayo kwa mabinti siwezi kuwahesabu. Na nimeimba vizuri, watu walitunza. Mmoja wao nilimkuta wodini, mkono umefungwa, akaniambia, "Shangazi, nilimeza maji."

Tangu siku hiyo nimeondoa nyimbo nne kwenye orodha yangu. Kuna mama mmoja wa bibi harusi alikataa kunilipa iliyobaki, akasema sherehe haikuwa na mafunzo.

Kwa hiyo mkisema kuimba ni tiba, mimi nauliza wanaimba nini. Sumu niliyoinywesha kwa sauti nzuri haitatoka kwa "la la la".

#26 Takwimu za Pasiansi
Shangazi umegusa penyewe. Naongeza mawili halafu nanyamaza.

Uingereza, 2018, Fancourt na Perkins waliwachukua mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kujifungua. Waliowekwa kwenye kundi la kuimba wiki 10, wale wenye dalili za kati hadi kali, walipata nafuu haraka kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Na 2015, huko huko Uingereza, walilinganisha madarasa ya watu wazima: ya kuimba kwa upande mmoja, ya uandishi na kazi za mikono kwa upande wa pili. Waimbaji walizoeana haraka sana mwanzoni. Lakini baada ya miezi saba madarasa yote yalikuwa sawa kwa ukaribu.

#27 Dada Kikoba
Ahaa. Kwa hiyo darasa la cherehani lingefika pale pale.

#28 Besi Nzito
Kwa kuchelewa. Na mtu anayelala na viatu mlangoni hana miezi saba ya kusubiri mazoea.

#29 Nesi wa Zamu
Na wote wawili kumbukeni, ile ya mama 134 ni sonona ya uzazi. Aliyejifungua na aliyevunjwa taya hawana kidonda kimoja.

#30 Mpemba wa Mkuyuni
Nyie watu wa bara mmechelewa. Siti binti Saad aliimba zamani kisa cha mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka na mashahidi wakafungwa. Jaji alisemwa kwa wimbo mpaka leo anasemwa.

#31 Sangara Mkavu
Pemba mpaka Mkuyuni kuja kutuambia tumechelewa. Karibu ugali wa muhogo.

#32 Chai ya Rangi
Neno moja la tahadhari. Kikundi kimoja cha hapa mjini, silitaji shirika, walirekodiwa kwa ajili ya Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, zile za 25 Novemba mpaka 10 Desemba. Sura zilifichwa. Sauti hazikufichwa. Klipu ikaingia kwenye magrupu, na mume wa mmoja akamtambua mke wake kwa namna anavyotamka neno moja la Kisukuma katikati ya wimbo. Mke alihama usiku ule ule. Aliyerekodi alisema "lakini sura hazionekani".

Mleta mada, muulize dada kama simu zinaingia ukumbini.

#33 Jiwe la Bismarck
Nimemuuliza. Haziingii. Kuna beseni mlangoni, simu zote zinalala humo, hata ya mwalimu.

Na kwa kuwa Shangazi #25 ameuliza wanaimba nini, nilimwomba dada aniimbie. Akakataa, akasema mimi si mwanachama. Jioni nikamsikia akiwafundisha watoto. Mmoja anaanza, wengine wanaitikia:

*Sufuria yangu.* (Moshi wa nani?)
*Mkaa wangu.* (Moshi wa nani?)
*Mwiko wangu, chumvi yangu.* (Moshi wa nani?)

Halafu kila mtu kwa zamu anaongeza kitu chake, chochote, na wote wanaitikia. Mtoto mdogo aliongeza "kandambili yangu". Dada akaongeza kitu sikukisikia vizuri, akacheka peke yake.

Nikamuuliza swali la uzi huu: dada, ni pumzi, ni wale wenzako, ni maneno, au ni muda? Akaniambia, "Pale hakuna anayeniuliza maswali."

#34 Mkunga Mstaafu
Moshi wa nani. Hao wanasaga.

#35 Dada Kikoba
Wimbo ni mzuri, sina roho ya chuma. Lakini huo mkaa ananunua nani? Nipo tayari kumwingiza kwenye kikoba chetu, hisa ya kwanza nitamkopesha. Njoo inbox.

#36 Jiwe la Bismarck
Ahsante dada, nakuja sasa hivi.

#37 Sangara Mkavu
Mkuu, nilianza na utani, sasa naomba kwa heshima. Shemeji yangu yuko Mabatini, hali si nzuri kabisa. Jumamosi hii anaweza kufika huko ukumbini?

#38 Jiwe la Bismarck
Jumamosi hii asije, wameahirisha. Giza limeanza, walio wengi wako Kayenze. Mwambie asubiri mwezi, au nipigie nimuunganishe na jirani yetu leo leo.

#39 Nesi wa Zamu
#37 kama hali si nzuri asisubiri mwezi. Muulize kama amewahi kukabwa.